Kwa nini tunaoijua Luka 10 kwa kichwa ndio tunaopita kando?

Mtafuta Njia
Wakuu, salaam. Naomba tujadili bila kurushiana mawe.

Mwulize Mkristo yeyote habari za Msamaria Mwema wa Luka 10, aliyemhudumia mtu aliyejeruhiwa na wanyang'anyi kwenye njia ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko baada ya kuhani na Mlawi kupita kando, atakusimulia mpaka dinari mbili alizoachiwa mwenye nyumba ya wageni. Watoto tunawafundisha, vijana wanaiigiza, kwaya zinaiimba. Sasa angalia ibada inapoisha. Kwetu kuna mama mmoja mzee, macho yameingia ukungu, husimama ameshika nguzo ya mlango akingoja mtu wa kumvusha barabara. Watu wanampa mkono, "Mungu akutunze mama," halafu hao, wameenda. Si watu wabaya. Nawafahamu, wanafunga na kukesha. Mara nyingi anayekuja kumvusha ni kijana anayelinda magari nje, ambaye ndani haingii kabisa.

Mafundisho ya huruma hatukuyakosa, tumeyashiba. Kinachotupitisha kando ni nini basi? Nataka sababu, mahubiri tunayo ya kutosha.

Siti ya Nyuma
Nimeshakaa. Endeleeni.

Kalamu Nyekundu
Ni haraka, na hilo lilishapimwa. Mwaka 1973 watafiti wawili, John Darley na Daniel Batson, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi 40 wa seminari ya Princeton, Marekani. Kila mmoja alitumwa jengo la pili akatoe hotuba fupi, na baadhi yao mada waliyopewa ni huyuhuyu Msamaria. Njiani akawekwa mtu amejikunja mlangoni, anakohoa na kuguna kwa maumivu. Kuna walioambiwa muda upo, kuna walioambiwa waende sasa hivi, na kuna walioambiwa wameshachelewa. Wenye nafasi walisimama asilimia 63, wa katikati 45, waliochelewa 10 tu. Mada ya hotuba haikuleta tofauti ya maana. Wapo waliomruka yule mtu wakiwahi kwenda kumsifu Msamaria.

Siti ya Nyuma
Kwa hiyo dawa ni ibada ziishe mapema. Naunga mkono hoja kwa mikono miwili.

Mlokole Asiye na Kelele
Kalamu, watu 40 wa chuo kimoja hawatoshi kuwahukumu Wakristo wa dunia nzima. Rudi kwenye Neno. Kuhani alikuwa anawahi zamu ya hekaluni, na Walawi 21 inamkataza kuhani kujitia unajisi kwa maiti. Alimwona yule mtu hatikisiki, akadhani amekufa, akalinda usafi wake. Shida yake ilikuwa dini ya kanuni. Nasi ndivyo tulivyo, tunalinda utakatifu wetu tusichafuke.

Kalamu Nyekundu
Mlokole, umepiga karibu lakini hujalenga. Luka 10:31 inasema kuhani alikuwa akishuka kwa njia ile. Yerusalemu iko mlimani, zaidi ya mita 700 juu ya usawa wa bahari. Yeriko iko zaidi ya mita 200 chini ya usawa huo. Anayeshuka anatoka Yerusalemu, haendi hekaluni. Na maiti aliyeokotwa njiani asiye na wa kumzika, Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi wa Kiyahudi, inamruhusu hata kuhani mkuu kujitia unajisi kwa ajili yake. Kwa hiyo kisingizio cha usafi kinapungua nguvu. Luka mwenyewe hakutupa sababu ya kupita kwao. Kila mhubiri anawapachikia yake.

Mlokole Asiye na Kelele
Sawa, kwenye kushuka nimekuelewa. La usafi bado silitupi.

Shemasi Mstaafu
Bwana Yesu asifiwe. Nimehudumu kwenye kamati ya wahitaji kwa miaka mingi, niwaambieni kitu ambacho hamtaki kukisikia. Watu wanapita kwa sababu wameshatapeliwa. Unampa mtu nauli ya kumsafirisha mgonjwa, jioni unamkuta amelewa chakari. Yakikukuta mara kadhaa moyo unaota sugu. Huo si ukatili, ni kovu.

Wala jambo hili si geni. Kuna maandiko ya kale sana ya Kanisa yanaitwa Didake, mafundisho ya mitume. Yanasema mpe kila akuombaye, lakini palepale yananukuu neno lisemalo sadaka yako itoke jasho mikononi mwako mpaka umjue unayempa. Wazee wale walishatapeliwa kabla yetu.

Katekista
Shemasi, shikamoo. Malizia na upande wa pili wa hiyo Didake, kwamba anayepokea bila kuwa na shida ndiye atakayetoa hesabu. Hesabu iko kwa mpokeaji. Na Yohane Krisostomo, askofu na mhubiri wa kale, akihubiri juu ya Lazaro na tajiri, alikataa kabisa biashara ya kumchunguza maskini. Kwake, uhitaji wa mtu ndio barua yake ya utambulisho, usimdai nyingine.

Shemasi Mstaafu
Marahaba mwanangu. Krisostomo hakukaa kwenye kamati yetu.

Siti ya Nyuma
😂😂 Shemasi leo ameamka na yake.

Dada Mhasibu
Namwelewa Shemasi. Ila wakuu, tusichanganye mambo mawili. Yule mama wa mleta uzi haombi pesa. Utapeli wa kuomba kuvushwa barabara ukoje? Hofu ya kutapeliwa inaeleza kwa nini mkono hauingii mfukoni, haielezi kwa nini mkono haumshiki mtu.

Nadhani sababu ni kwamba kazi tumeikabidhi. Tuna idara ya huruma, ina mwenyekiti, katibu na bajeti. Mimi nikishatoa bahasha yangu, mama yule ni wa idara.

Mtafuta Njia
Dada Mhasibu, hapo umenigusa. Kwa hiyo tuzivunje idara?

Dada Mhasibu
Hapana! Matendo 6 ndiyo mwanzo wake. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, manung'uniko yakazuka, wakachaguliwa watu saba. Walisahauliwa kwa sababu kila mtu aliwaona wa kwake tu. Huruma isiyo na utaratibu ina upendeleo, anayejulikana anapata mara tatu na mgeni hapati kitu. Nimeziona orodha, najua ninachosema.

Katekista
Naongezea mfano. Basili wa Kaisaria, huko Kapadokia, ambayo leo ni Uturuki, karne ya 4 baada ya njaa kubwa alijenga kituo nje ya mji kwa wagonjwa, maskini na wasafiri, hata wenye ukoma wakapata mahali. Mahali hapo pakaja kuitwa Basileias kwa jina lake. Bila taasisi asingeweza. Na Gregori wa Nazianzo, rafiki yake, anasema Basili mwenyewe, askofu mzima, aliwakumbatia wenye ukoma kama ndugu. Taasisi haikumwondolea mikono.

Chuma Chakavu
Ninyi nyote mnazunguka mbuyu. Sababu ni mafundisho yenyewe. Watu wameambiwa wokovu ni kwa imani peke yake, matendo hayaongezi kitu. Ukishaamini hivyo, kumvusha mama barabara kuna faida gani? Ndiyo maana Martin Luther, yule mwanzilishi wa Walutheri, alitaka kuutoa Waraka wa Yakobo kwenye Biblia.

Kalamu Nyekundu
Chuma, hakuutoa. Katika dibaji ya Agano Jipya la mwaka 1522 aliuita waraka wa majani makavu, akauweka mwishoni pamoja na Waebrania, Yuda na Ufunuo, lakini ukabaki ndani. Matoleo ya baadaye hayakuyarudia maneno yale. Na katika dibaji yake ya Warumi, mwaka huohuo, aliandika kwamba imani ni kitu hai chenye kazi nyingi, hakiulizi kama kuna jema la kufanya, kabla hujauliza kimeshalifanya. Aliyefundishwa kwamba matendo hayana maana hakufundishwa na Luther.

Chuma Chakavu
Hakufundishwa na Luther, kafundishwa na mchungaji wake. Matokeo yanatofautianaje?

Katekista
Kwa faida ya wasomaji: tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki. Mtu anahesabiwa haki kwa neema, na matendo mema ni matunda yake. Wamethodisti nao wakajiunga mwaka 2006. Ugomvi wa miaka mia nne na zaidi ulipungua sana siku ile. Waumini wengi hawana habari.

Chuma Chakavu
Na baada ya 1999 yule mama alivushwa?

Siti ya Nyuma
Chuma leo hana breki.

Mkwe wa Pili
Huwa nasoma tu, leo naandika. Mnasema haraka, mnasema hofu ya matapeli. Mimi namuuguza mama mkwe, kiharusi kimemlaza upande mmoja. Haongei, anakutazama tu. Ndugu katika Kristo wanakuja, tena hawana haraka hata kidogo. Wanaimba, wanasoma, wanaomba kwa machozi, halafu kila mmoja anachangia ushuhuda. Mimi nimesimama pembeni nahesabu muda wa kumgeuza, maana asipogeuzwa mgongo unachubuka. Wakiondoka naanza na viti, halafu vyombo.

Siku moja alikuja baba mmoja kutoka kundi jingine kabisa, hata jina sikulishika vizuri. Akasalimia, akavua saa akaiweka dirishani, akakunja mikono ya shati, akauliza, "Mashuka machafu yako wapi?" Akafua. Akayakamua kwa kuyasokota, akayaanika, akaniaga. Hakuomba wala kutaja mstari.

Mniambie basi, yupi alihubiri siku ile?

Nesi wa Zamu
Pole sana dada. Na hongera kwa kumgeuza. Wengi hawajui, mgonjwa anaishia na vidonda hadi mfupa unaonekana.

Nami nilete sababu yangu: uchovu. Wodini naona hata wenye moyo wa dhahabu wanafika mahali wanafunga mlango. Ukimhudumia mtu mwenye maumivu kila siku bila kupumzika, huruma inakauka kama kisima, hata uwe mwombaji kiasi gani. Huenda wale wanaompita mama wametoka kumgeuza mtu nyumbani kwao. Hatujui.

Mtafuta Njia
Nesi, hilo sikulifikiria kabisa. Asante.

Mlokole Asiye na Kelele
Mkwe wa Pili, Mungu akutie nguvu. Lakini nisiwe mnafiki, maombi nayo ni huduma. Yakobo 2:16 inamkemea anayesema "enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba" bila kuwapa mahitaji ya mwili. Haikatazi kuomba. Sura ya 5 ya waraka huohuo inasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee. Vyote viwili.

Mkwe wa Pili
Nakubali kaka. Waombe, halafu mmoja abaki na ndoo.

Jirani Msikilizaji
Assalaam alaykum. Mimi ni Mwislamu, nimeingia hapa kwa kupita. Wakuu, msijione mko peke yenu. Sisi tuna Suratul Maun, inamsema anayemsukuma yatima na wanaoswali kwa kujionyesha huku wakizuia msaada mdogo wa nyumbani. Tunaisoma kwenye swala, na yatima wanasukumwa vilevile.

Kilichonifanya niandike ni hicho alichouliza dada. Baba yangu alipofariki, jirani yetu Mkristo aliwachukua wanangu kila asubuhi akawapeleka shule na wake, msiba mzima. Mambo ya dini hakuyagusa. Mpaka leo mtu akiwasema Wakristo vibaya mbele yangu, nafsi haikubali.

Katekista
Karibu sana ndugu yetu, na asante. Umenikumbusha Kaisari Juliano, yule aliyeuacha Ukristo akataka kuirudisha miungu ya Kirumi. Mwaka 362 kuna barua kwa kuhani wake Arsakio akilalamika kwamba "Wagalilaya", yaani Wakristo, wanalisha maskini wao na wa kwetu pia, ni aibu. Adui ndiye anayetoa ushahidi.

Kalamu Nyekundu
Wapo wataalamu wanaotilia shaka kama barua ile ni ya Juliano kweli. Lakini tauni ya karne ya 3 ina Dionisio, askofu wa Aleksandria, ambaye maneno yake yamehifadhiwa na Eusebio, mwandishi wa historia ya Kanisa. Anasimulia Wakristo waliowauguza wagonjwa, wakawaosha na kuwazika, wengi wao wakaambukizwa na kufa.

Chuma Chakavu
Askofu akiwasifu watu wake. Ushahidi huo nao tuutoe jasho mikononi kwanza.

Shemasi Mstaafu
😂 Kijana umenijibu kwa Didake yangu.

Mlokole Asiye na Kelele
Naomba turudi kwa ndugu Jirani. Alichofanyiwa ni kizuri. Lakini kama yule jirani hakumtaja Yesu hata mara moja, tofauti yake na mtu mwema asiyeamini chochote ni ipi? Imani bila matendo imekufa, nakubali. Matendo bila kushuhudia Jina je?

Dada Mhasibu
Katika Mathayo 25 wale wa kuume wanauliza, "Bwana, ni lini tulipokuona?" Hawakujua kwamba ni yeye. Hawakuwa wanamhubiri, walikuwa wanamhudumia bila habari.

Mlokole Asiye na Kelele
Kuna wafasiri wanaosema "ndugu zangu walio wadogo" pale ni wanafunzi wake, si kila mhitaji. Ukisoma Mathayo 10:42, kikombe cha maji anapewa mmoja wa wadogo hawa kwa kuwa ni mwanafunzi. Sisemi tusiwasaidie wengine. Nasema sura hiyo haifungi mjadala.

Katekista
Ni kweli wapo. Walio wengi miongoni mwa walimu wa Kanisa wameisoma kwa mapana, na humo ndimo yalimotoka matendo saba ya huruma ya kimwili: kulisha, kunywesha, kuvika, kukaribisha mgeni, kuuguza, kuwatembelea wafungwa na kuzika wafu.

Kalamu Nyekundu
Sita. La kuzika halimo Mathayo 25.

Katekista
Umenikamata. La saba linatoka Kitabu cha Tobiti, sura ya 1. Alikuwa akiwazika ndugu zake waliouawa na kutupwa nje ya kuta za Ninawi.

Mlokole Asiye na Kelele
Kwenye Biblia yangu hamna Tobiti.

Siti ya Nyuma
Kwa hiyo Mlokole hutatuzika? Tuambie mapema.

Mlokole Asiye na Kelele
Wewe nitakuzika hata leo.

Sindano
Nimecheka, ila nina jambo zito kidogo. Mnawaongelea wanaopita. Mimi niongee kwa niaba ya tuliosimamiwa, yaani tuliosaidiwa.

Nilipofiwa na mume, kikundi kimoja cha kanisa kilikuja na msaada. Kabla ya kunikabidhi nikapangwa katikati, watoto mbele, "mama inua kidogo mfuko uonekane." Mtoto wangu wa pili alikuwa na shati limechanika begani, akajaribu kulifunika kwa mkono, akaambiwa ashushe mkono. Picha ile ikasambaa kwenye makundi yote. Msaada uliisha, picha bado ipo. Mtoto huyo sasa ni mkubwa, na kanisani haendi. Mathayo 6:3, mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Wa kwao ulijua, na kamera pia.

Nesi wa Zamu
Pole Sindano. "Ashushe mkono" imenichoma.

Dada Mhasibu
Pole sana dada. Niwe mkweli, mimi ndiye ninayedai picha hizo kwenye ripoti. Anayechangia kutoka mbali anataka uthibitisho, na bila uthibitisho pesa zinaliwa, nimeshuhudia. Mathayo 5:16 nayo inasema watu wayaone matendo yenu mema, wamtukuze Baba. Labda picha iwe ya vitu na sahihi ya mpokeaji, sura zisionekane?

Sindano
Ingetosha kabisa. Tena mstari huo unasema atukuzwe Baba. Kwenye picha yangu aliyeonekana katikati na suti ni mwenyekiti.

Shemasi Mstaafu
Mimi nimewahi kuwa huyo wa suti, si kwa Sindano, ila picha za namna hiyo ninazo. Enzi zetu tuliona ni kuwatia moyo watoaji. Sijui kama nakubaliana nanyi moja kwa moja, watoaji kweli waliongezeka.

Sindano
Shemasi, sikatai. Ila kuna njia nyingine. Yule Tabitha wa Matendo 9, alipokufa wajane wenyewe ndio walisimama wakilia, wakimwonyesha Petro kanzu na nguo alizowashonea. Waliopewa ndio walioonyesha, tena kwa hiari yao. Ndiyo maana nashona, na jina langu humu nimelitoa huko.

Chuma Chakavu
Sasa mleta uzi, hesabu yako imefikia wapi? Haraka, usafi, matapeli, idara, mafundisho, uchovu, na sasa aibu ya wapokeaji.

Mtafuta Njia
Sina jibu moja. Nilikuja nikiamini ni unafiki. Nesi na Shemasi wamenipunguzia ukali. Dada Mhasibu ndiye ananisumbua zaidi, maana nami nina bahasha yangu.

Kalamu Nyekundu
Nami nabaki na haraka. Uchovu wa Nesi na idara ya Dada Mhasibu ukivifuatilia utakuta ni muda tu.

Nesi wa Zamu
Muda na uchovu ni vitu viwili, Kalamu. Njoo zamu ya usiku nikuonyeshe.

Dada Mhasibu
Kabla uzi haujapoa, naomba ushauri. Mkwe wa Pili, kuna jirani yangu anamuuguza mumewe. Kila nikimwuliza "nikusaidie nini?" anasema hamna, wako salama. Nafanyaje?

Mkwe wa Pili
Acha kumwuliza hivyo. Akikujibu inabidi kwanza afikirie, na kichwa kimeshachoka. Chagua kazi moja unayoiona kwa macho, umwambie "nakuja jioni kuchota maji", uende kweli. Na ukifika usikae.

Shemasi Mstaafu
Binti yangu, hapo tahadhari. Kuna nyumba mtu akiona mgeni ameshika ndoo anajisikia amevuliwa nguo. Sindano ametuambia hapo juu. Omba ruhusa.

Mkwe wa Pili
Kweli mzee wangu. Ndiyo maana nimesema maji, sikusema mashuka. Mashuka ni baada ya kuzoeana.

Dada Mhasibu
Yule baba aliyekufulia mlikuwa mmezoeana?

Mkwe wa Pili
Hata kidogo 😂. Lakini yeye alivua saa kwanza.